Miezi 14 na soketi za pikapu

Ndani ya bodi ya pikapu yangu, upande wa kushoto karibu na mlango wa nyuma, kuna kifuniko cheusi cha mpira. Ukikiinua unakuta soketi mbili za kawaida kabisa, kama za ukutani nyumbani. Anayeziona kwa mara ya kwanza huniuliza kama zinafanya kazi kweli. Zinafanya kazi. Nimezitumia karibu kila siku ya kazi kwa miezi 14 sasa, na kabla ya hapo nilikaa miaka 6 na pikapu nyingine ambayo nayo ilikuwa na soketi. Kwa macho, soketi za magari haya mawili hazina tofauti. Tofauti iko kwenye namba ndogo iliyoandikwa kando yake: ya kwanza wati 400, hii ya sasa wati 2,400. Anayenunua gari kwa ajili ya soketi, anachonunua hasa ni namba hiyo.

Mimi ni fundi wa milango na makabati. Sehemu kubwa ya kazi yangu iko kwenye nyumba ambazo bado hazijaingiziwa umeme, kwa hiyo nalazimika kwenda na umeme wangu. Vyombo vyangu ni hivi: msumeno wa mviringo wa wati 1,400, randa ya umeme ya wati 850, mashine ya msasa ya wati 300, mashine ya kuvuta vumbi ya wati 1,000, na chaja mbili za betri za drili. Nimeanza na orodha hii kwa sababu tathmini yoyote ya soketi za gari isiyosema ni nini kilichomekwa haimsaidii msomaji.

Wati 400 si kitu cha kudharau, mradi ujue unachomeka nini. Betri ya drili ya volti 18 na ampea-saa 5 inabeba wati-saa 90 tu, na chaja yake huijaza bila gari kuhisi chochote. Kompyuta ya mkononi inakula wati 65 hivi. Taa za LED za kufanyia kazi jioni, mashine ya msasa, redio, chaja za simu za vijana wote wa kazi, vyote hivyo pikapu ya zamani ilivibeba. Kwa miaka ya mwanzo sikuwa na malalamiko kabisa. Kazi za kukata nilizifanyia karakanani, nikifika kwa mwenye nyumba nakuwa na kazi ya kufunga tu.

Siku moja mlango ulikataa kuingia kwenye fremu, ukazidi kwa nusu sentimita, nikauchomeka msumeno kwenye soketi ya gari. Msumeno ulizunguka nusu mzunguko, ukasimama. Taa ndogo ya kijani kwenye swichi ya dashibodi ikageuka nyekundu. Nikazima, nikawasha, ikawa vilevile. Siku ile nilimalizia kwa msumeno wa mkono na randa ya mkono, na jioni nikakaa na kitabu cha gari kwa mara ya kwanza tangu nilinunue.

Jambo lenyewe linaeleweka vizuri ukilifuata polepole. Betri ya gari inatoa umeme wa volti 12 unaokwenda upande mmoja. Vyombo vya nyumbani vinataka umeme wa volti 120 au 230, unaokwenda na kurudi mara 50 au 60 kwa sekunde. Katikati yao panakaa inveta, kisanduku kinachogeuza wa kwanza kuwa wa pili. Ili kutoa wati 400 upande wa soketi, inveta inahitaji kuvuta kama ampea 33 upande wa betri, na ukiongeza kinachopotea kwa joto zinakaribia 37. Betri ya kawaida ya kuwashia gari ina ampea-saa 70 hivi, na haipendi kushushwa chini ya nusu. Kwa hiyo injini ikiwa imezimwa, mzigo wa wati 400 unakula nusu ya betri kabla saa moja haijaisha, na gari linaweza kukataa kuwaka. Ndiyo maana watengenezaji wa magari ya kawaida huishia kwenye wati 400 na kutaka injini iwe inawaka. Kinga wameiweka kwa sababu, hawakubania umeme.

Halafu kuna mkondo wa kuanzia. Hili ndilo linalowakwaza watu wengi, na mimi lilinikwaza mahali pabaya.

Mama yangu ana ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu. Anatumia mashine ya oksijeni, ile inayochuja hewa ya chumbani na kumpelekea oksijeni kwa mrija wa puani. Ni ya lita 5 kwa dakika, na kibandiko chake cha nyuma kinasema wati 350. Umeme ukikatika mashine hulia mlio mkali ili mtu wa nyumbani aamke. Usiku mmoja ulilia, nikaamka, nikafanya hesabu kichwani: 350 iko chini ya 400, gari litaweza. Nikawasha pikapu, nikapitisha ekstensheni dirishani, nikachomeka. Mashine ikatoa mlio wa kuanza, soketi ikakata. Nikajaribu tena. Mara tatu. Mama alikuwa amekaa kitandani ananiangalia, na mara ya tatu akaniambia, "Acha mwanangu, leta mtungi."

Mtungi wa akiba ulikuwepo, umejaa, na ulimfikisha hadi umeme uliporudi asubuhi. Lakini usiku ule nilikaa pembeni ya kitanda nikitazama mshale wa mtungi ukishuka, na sikulala. Nilichokuja kuelezwa na fundi wa vifaa vya hospitali ni kwamba ndani ya mashine ile mna kompresa, kama ya friji, na mota ya namna hiyo inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule ulioandikwa kwenye kibandiko. Ni kwa sehemu ya sekunde tu, ila inveta ndogo haisubiri sekunde iishe. Inaona mzigo umezidi, inakata. Akaongeza la pili: inveta nyingi ndogo hazitoi wimbi laini la umeme kama lile la ukutani, zinatoa wimbi la ngazi ngazi. Chaja ya simu haijali. Kompresa hupata moto na kuunguruma. Kwa hiyo hata kama ingewaka, haikuwa sehemu ya kuichomeka mashine ya mgonjwa.

Ninasema haya kwa mtu yeyote ambaye nyumbani ana mgonjwa wa aina hii: gari lisiwe mpango wako wa kwanza. Mtungi wa akiba kwanza, na ushauri wa wanaomtibu. Gari ni la kuongeza saa.

Pikapu niliyonayo sasa ni ya mseto, yenye injini ya petroli na betri kubwa ya kuendeshea. Tofauti na ile ya zamani haiko kwenye soketi, iko kwenye kilicho nyuma yake. Umeme unatoka kwenye betri kubwa ya volti nyingi, na hiyo betri ikishuka injini inajiwasha yenyewe, inaijaza, inajizima. Wati 2,400 ni kwa soketi zote kwa pamoja, ukumbuke, si kwa kila moja. Msumeno wangu wa wati 1,400 unaanza kwa nguvu zake zote. Msumeno na mashine ya kuvuta vumbi kwa wakati mmoja vinafika wati 2,400 kamili kwa maandishi, nami nilitarajia vikatae. Havikukataa, kwa sababu msumeno hauli wati zake zote mpaka uusukume kwenye mbao ngumu. Nilipousukuma kwenye mbao nene ya mninga, soketi zilikata umeme papo hapo. Tangu hapo nimeweka utaratibu: msumeno unachomekwa peke yake, vumbi linavutwa baadaye.

Kilichonishinda kukitarajia ni utulivu. Kabla ya gari hili nilikuja kufanya kazi kando ya jenereta. Kelele ya jenereta huisikii tena baada ya mwezi, lakini mwili unaisikia. Unapiga kelele ukitaka kupitishiwa skrubu. Mteja anakuja kukuuliza jambo unamjibu kwa ishara. Jioni ukifika nyumbani masikio yanavuma, na mke wangu alikuwa akiniambia kila siku kwamba naongea kama nagombana. Sasa natumia mashine ya msasa na injini iko kimya kwa dakika nyingi kuliko inavyowaka. Kijana wangu wa kazi akikosea kipimo ananiambia kabla hajakata, kwa sababu tunaongea. Kwa kazi ya milango hiyo ni mbao zilizookolewa. Mwenye nyumba mmoja alikaa mlangoni na mtoto wake mchanga amelala begani wakati tunafunga kabati la chumba cha pili. Zamani asingeweza kukaa pale.

Usiku ambao umeme ulikatika tukiwa na gari hili jipya nililitoa kwenye banda la magari kwanza. Hili silifanyii mzaha. Gari la mseto linaweza kukaa kimya nusu saa likakudanganya kuwa limezimwa, kisha injini ikajiwasha. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo inaua watu waliolala. Banda lenye mlango wazi halitoshi. Mimi nililiegesha uani, mkia umeelekea mbali na nyumba, kama mita 12 kutoka dirisha la mama, nikavuta ekstensheni nene. Mashine ilianza kwa mara ya kwanza. Ilifanya kazi saa 5 na nusu. Mama aliuliza mara moja tu, "Umeme umerudi?" Nikamjibu bado, ni gari. Akageukia ukutani akalala. Mtungi wa akiba ulikuwa pembeni ya kitanda muda wote, na vali yake nilikuwa nimeshaijaribu.

Kwa habari ya ekstensheni, nitalalamika kidogo, maana hapa ndipo watu wanaonunua gari la maana wanapoliharibia jina. Wati 2,400 ni ampea 20 kwa soketi ya volti 120, na ni ampea 10 na kidogo kwa soketi ya volti 230. Chukua kebo ya mita 30 yenye nyaya za shaba za milimita mraba 1.5. Ukipitisha ampea 10 unapoteza kama volti 7 njiani. Kwa aliye na volti 230 hiyo si neno. Ukipitisha ampea 20 kwenye kebo ileile unapoteza kama volti 14, na kwa aliyeanza na 120 hapo ameshaumia: mota inazunguka kwa uchovu, inapata moto, na lawama inakwenda kwa gari. Nunua kebo nene, ya milimita mraba 2.5 au zaidi, na iwe fupi kadiri kazi inavyoruhusu. Kama ni ile ya kuzungushwa kwenye rola, itoe yote kabla ya kuchomeka mzigo mkubwa. Iliyobaki imezungushwa haina pa kutolea joto, na plastiki yake huanza kulainika.

Jambo moja soketi hizi zimenifanyia ambalo jenereta haikuwahi. Zina kinga ya uvujaji wa umeme, yaani umeme ukitafuta njia ya pembeni, kwa mfano kupitia mwili wa mtu, soketi inakata papo hapo. Wiki ya pili tu, randa ikawa inakatisha umeme kila tukiiwasha. Nilidhani ni gari. Kijana akasema, "Fundi, hii randa hata kwenye jenereta ilikuwa inanitekenya mkono." Alikuwa hajaniambia siku zote. Tukaifungua, tukakuta waya umechubuka pale unapoingia kwenye mpini, shaba inagusa chuma, na unyevu wa mikono unamalizia. Nimebadilisha waya, na sasa randa inafanya kazi kwenye gari bila shida. Soketi ikikukatia, kabla ya kumpigia simu aliyekuuzia gari, kikague kwanza chombo chako.

Mafuta. Hapa nitakuwa mkweli hata kama nalipenda gari langu. Injini ya gari la petroli ikiunguruma bila mwendo hula kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa saa kulingana na ukubwa wake, hata kama umechomeka chaja ya simu tu. Kwa pikapu ya kawaida, isiyo ya mseto, kujaza betri za drili huku injini inawaka mchana kutwa ni hasara. Jenereta ndogo ya kisasa ya inveta ingeifanya kazi hiyo kwa mafuta kidogo zaidi. Gari la mseto linaokoa kwa sababu linazima injini kati ya mzigo na mzigo. Siku ya kawaida ya kazi zangu, mshale wa mafuta husogea, lakini husogea kidogo kuliko nilivyokuwa nikimimina kwenye jenereta. Tofauti kubwa naiona kwenye siku za kazi nyepesi. Siku za kukata sana, injini inawaka karibu muda wote na faida inapungua. Kama kazi yako ni ya kuchomelea vyuma au kuendesha kompresa kubwa kutwa nzima, jenereta bado ina nafasi yake, na usimruhusu muuzaji akuambie vinginevyo.

Malalamiko yangu kwa gari lenyewe ni matatu. La kwanza ni swichi. Kila nikizima gari na kuliwasha, soketi zinakuwa zimezimika, na lazima niingie ndani, nibonyeze swichi kwenye skrini, nithibitishe, ndipo nirudi nyuma. Ukiwa na mikono ya gundi ya mbao hilo linachosha. Na kama ulikuwa umeacha chaja nyuma ukitegemea ziendelee kujaza, unafika nyumbani unakuta betri tupu. Imenitokea zaidi ya mara tatu. La pili ni mahali zilipowekwa. Ukipakia mbao za mita mbili na nusu, zinaziba kifuniko, na plagi pana ya chaja haiingii mpaka usogeze mzigo. Mtu aliyechora mahali pale hakuwaza bodi ikiwa imejaa. La tatu ni kile kifuniko cha mpira. Bawaba yake ilipasuka mwezi wa tisa tangu ninunue gari, kikawa hakishiki vizuri. Mvua ilinyesha usiku, asubuhi soketi ya chini ikawa inakata kila nikichomeka chochote, mpaka ilipokauka mchana. Kinga ilifanya kazi yake, siwezi kuilaumu, lakini kifuniko cha gari la kazi hakipaswi kudumu miezi tisa tu. Nilipewa kingine bila malipo, baada ya kusubiri wiki tano. Katika wiki hizo nilifunika kwa mfuko wa plastiki na mpira.

Kwa wale wanaoagiza magari kutoka nchi nyingine, soma volti kabla ya wati. Pikapu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inatoa volti 120 kwa mizunguko 60 kwa sekunde. Ukiipeleka kwenye nchi ya volti 230 kwa mizunguko 50, soketi zake hazitaingia plagi zako, na adapta ya plagi haigeuzi volti hata kidogo. Msumeno wa volti 230 ukichomekwa kwenye 120 unazunguka kama umelewa. Chaja nyingi za simu na kompyuta hazitakuwa na shida, kwa sababu zimeandikwa 100 hadi 240, ila chombo chenye mota kisome kibandiko chake kwanza. Baadhi ya magari makubwa ya Marekani yana soketi ya volti 240 pia, na hiyo nayo inataka fundi umeme aiangalie kabla ya kuitumia kwa vyombo vya kwingine, maana mizunguko bado ni 60 na nyaya zake hazijapangwa kama za soketi ya volti 230.

Uwezo wa magari haya umepanda kwa kasi sana. Pikapu ya Toyota Tacoma kwa miaka mingi ilikuwa na soketi ya wati 400 nyuma, ambayo gari likitembea inashuka hadi wati 100. Ford ilitoa pikapu yake ya F-150 ya modeli ya mwaka 2021 yenye mfumo wa kilowati 2 (yaani wati 2,000), 2.4 au 7.2 kutegemea injini na ulichochagua. Februari 2021 dhoruba ya baridi ilipokata umeme Texas, Marekani, wenye magari hayo waliyatumia kuwasha tanuri za kupasha joto, taa na friji nyumbani, na kampuni ikawaomba mawakala wake wa huko wawaazime watu magari ya mseto yaliyokuwa yakisubiri wanunuzi. F-150 Lightning, ya umeme mtupu, ilifuata mwaka 2022 na kilowati 9.6. Pikapu ya mseto ya BYD Shark 6 inatoa kilowati 6.6. Pikapu ya umeme ya Tesla Cybertruck inafika kilowati 11.5. Hizo ni nguvu za kuendesha nyumba, na nikisoma namba hizo namkumbuka mama amekaa kitandani na ile pikapu ya wati 400 inaunguruma nje bure.

Lakini kuendesha nyumba ni kazi tofauti na kuchomeka chombo. Nimeombwa na jirani nimsaidie "kurudisha" umeme ndani kwake kwa kebo yenye plagi dume pande zote mbili, upande mmoja kwenye gari, mwingine kwenye soketi ya ukutani. Nilikataa, nikamweleza, naye alinuna siku mbili. Kebo ile ina pini zilizo wazi zenye umeme. Zaidi ya hapo, umeme unatoka nyumbani kwake kwenda kwenye laini ya mtaa, unapita kwenye transfoma kinyumenyume na kupanda kuwa maelfu ya volti, na fundi aliyepanda nguzo akijua laini imezimwa anaugusa. Nyumba inaunganishwa na gari kwa swichi maalumu ya kubadilishia, inayotenga nyumba na laini ya mtaa kabisa, na inafungwa na fundi umeme mwenye leseni. Hata hapo fundi ataangalia namna waya wa ethi (wa usalama, unaokwenda ardhini) na wa nyutro (unaorudisha umeme) zilivyounganishwa, kwa sababu zikiunganishwa kwenye gari na kwenye nyumba kwa pamoja, kinga ya soketi za gari inakata kila mara na mwenye gari anadhani ni bovu. Jirani nilimvutia ekstensheni hadi kwenye friji yake, basi. Ilitosha.

Nyota ngapi? Kwa pikapu ya zamani, kwa kazi ya chaja na taa, nne. Kwa hii ya sasa, nne na nusu, na nusu iliyopotea ni ya kifuniko na ile swichi.

Siku niliyokwenda kuinunua, niliweka msumeno kwenye buti la gari la shemeji yangu, na kiti cha nyuma nikakifungia mashine ya oksijeni ya mama kwa mkanda. Mama alikuwa nyumbani akitumia mtungi, na mke wangu yuko naye. Muuzaji aliniwashia gari, akaanza kunieleza habari za viti na kamera. Nikamwomba anifungulie kile kifuniko cha mpira. Nikachomeka msumeno, nikakata kipande cha mbao nilichokuja nacho. Kisha nikaitoa mashine, nikaichomeka, ikaanza bila kusita, na ile taa yake ya kijani ikawaka. Akaniuliza ni mashine ya nini, nikamwambia. Aliacha kuongea habari za viti. Alileta stuli mbili, tukakaa nyuma ya bodi tukiisikiliza kwa dakika 40, mpaka injini ilipojiwasha, ikajaza betri, ikazima, na mashine haikubadilisha mlio.